Naomba ushauri: filamu ya 1983 iliyotoka 1987 niiandike mwaka gani?

Wakuu, habari zenu. Naandaa orodha ya filamu za Marekani za miaka ya 1980, zile za kutisha za muuaji wa visu zilizotengenezwa kwa pesa kidogo. Nimekwama kwenye tarehe.

Mfano ni Blood Rage. Ilipigwa picha Florida mwaka 1983, ikakaa bila kutolewa hadi 1987, ndipo ikaingia sinema kwa jina la Nightmare at Shadow Woods, picha nyingi za damu zikiwa zimekatwa. Kanda ya video ilibaki na damu, ila haina tukio la bwawa la kuogelea lililomo kwenye toleo la sinema. Kwangu hizo ni kazi mbili, inaniuma kuzibana mstari mmoja.

Kwa filamu hizi nimesoma mwaka ulioandikwa kwa namba za Kirumi mwishoni kabisa, nimepekua rejista ya hakimiliki ya Marekani na matangazo ya magazeti ya zamani. Mara nyingi havikubaliani.

Naombeni msaada: nishike mwaka wa kupigwa au wa kuonyeshwa? Na je, tangazo moja la gazeti linatosha kuthibitisha kwamba filamu ilionyeshwa kweli?