Naomba ushauri: binti wa miaka 8 aangalie Bröderna Lejonhjärta?

Mama Shani: Habari za jioni ndugu zangu. Tunaishi Göteborg, Uswidi. Mwaka huu tumefiwa na bibi yake Shani kule Tanga, na mpaka leo kila akilala ananiuliza bibi yuko wapi. Sasa rafiki yake wa darasani amemwalika kwao Jumamosi waangalie filamu ya Bröderna Lejonhjärta, ile ya Olle Hellbom ya 1977, iliyotokana na kitabu cha Astrid Lindgren. Nasikia ni ya ndugu wawili wanaokufa. Nimruhusu?

Baba Kisa: Pole sana dada. Mimi nisingemruhusu. Karl yuko kitandani anaumwa, anajua hatapona, kaka yake Jonatan anamliwaza kwa habari za Nangijala, nchi ambayo mtu huenda akifa. Nyumba inashika moto, Jonatan anambeba mgongoni na kuruka dirishani. Anakufa yeye, mgonjwa anabaki. Na hapo ni mwanzo tu! Mbele kuna yule dhalimu Tengil na joka lake Katla. Wangu alihamia chumbani kwetu wiki nzima.

Mwalimu wa Chekechea: Joka halinitishi, mtoto anajua ni la hadithi. Mimi naogopa mwisho. Moto wa Katla umemgusa Jonatan, mwili unakufa ganzi, na safari hii mdogo ndiye anayembeba kaka yake mgongoni, wanaruka gengeni usiku ili wafike Nangilima, nchi nyingine ya mbele wanayokwenda wakifa tena. Mtoto mwenye msiba anaweza kuelewa kwamba ukimkumbuka mtu wako, unaruka umfuate. Waswidi wenyewe wamelibishania hilo tangu kitabu kilipotoka 1973. Aangalie, lakini wewe uwe pembeni yake.

Bint Pangani: Naunga mkono. Nilipofiwa na kaka yangu, niliangalia na mwanangu tumeshikana mikono. Karl ni mwoga tangu mwanzo, na bado anamfuata kaka yake hatarini. Mwanangu alinishika pale akaniuliza, "Mama, na wewe unaogopa?" Nikamjibu ndiyo. Tulikuwa hatujawahi kuongea hivyo.

Mama Shani: Asanteni sana, nimelia kusoma. Nitamwomba mama wa mwenzie waje kwetu. Je, nikizima kabla hawajaruka?

Mwalimu wa Chekechea: Usizime dada. Mwisho atasimuliwa na wenzake shuleni, na hapo hutakuwepo umwambie kwamba bibi hafuatwi, na kwamba wewe unamtaka hapa.