Gumzo la Baraza la Vitabu Ligula: huruma kwa mkosaji wa hadithini

Asha: Shikamooni wakubwa. Jumamosi mjadala naongoza mimi. Mada: mhusika wa hadithi za ajabu aliyetenda maovu na akaishia pabaya, msomaji amwonee huruma au asimwonee? Naomba mnisaidie kupanga. Baba mdogo Fakihi ameshaanza kunicheka.

Fakihi: Sikucheki mwanangu. Nasema tu kwamba muuaji ni muuaji, awe na pete ya uchawi au asiwe nayo.

Mwl. Somoe: Marahaba Asha. Swali usiliulize hivyo, litakufia ndani ya dakika tano. Nusu watasema ndiyo, nusu hapana, kisha watu waanze kuulizana bei ya korosho. Chukua tendo moja la mhusika mmoja. Lichambue mara tatu: alichofanyiwa, asichokijua, na alichochagua huku anajua. Halafu ndiyo uulize huruma inakwenda wapi.

Asha: Mfano, mwalimu?

Mwl. Somoe: Túrin, shujaa wa hadithi za Tolkien, yule mwandishi Mwingereza. Kisa chake kizima kilitoka kama kitabu peke yake mwaka 2007, kikihaririwa na Christopher, mtoto wa Tolkien. Laana ya Morgoth, yule mwovu mkuu, juu ya watoto wa Húrin, baba yake Túrin: hiyo amefanyiwa. Kumuua rafiki yake Beleg: ni usiku, Beleg anamkata pingu, upanga unateleza na kumchoma mguu, Túrin anadhani ni adui anarudi kumtesa. Hakujua. Kumwoa dada yake Nienor: alizaliwa Túrin akiwa ameshaondoka nyumbani, hajawahi kumwona, na joka Glaurung lilikuwa limeshamfuta binti wa watu kumbukumbu. Hakujua.

Mwl. Somoe: Sasa njoo kwenye daraja la Nargothrond. Mji ule ulisalimika miaka yote kwa kujificha. Túrin ndiye aliyeshauri lijengwe daraja kubwa mbele ya milango ili jeshi litoke haraka. Wakaja wajumbe wawili na onyo la Ulmo, bwana wa maji: fungeni milango, mawe yatupeni mtoni. Akakataa, na akawajibu kwa dharau. Glaurung lilipita juu ya daraja hilohilo.

Fakihi: Naam! Na waliokufa mle hawakuwa na laana yoyote. Walikuwa na mshauri mbaya.

Mzee Chilumba: Fakihi, usikimbilie hapo. Muulize Asha maswali mawili. Ukiondoa laana, daraja lingejengwa? Ukiondoa kiburi, laana ingepata pa kuingilia? Mwandishi akimwachia mhusika laana tupu, huyo ni kama mtu aliyeangukiwa na mnazi: tunasikitika, tunazika, yameisha. Akimwachia kiburi kitupu, hiyo ni habari ya polisi. Aristotle aliliona hili zamani katika Poetics: anayetutoa machozi ni mtu wa katikati, si mwema wa kupindukia wala si mwovu, anayeporomoka kwa kosa lake.

Selemani: Boromir wa The Lord of the Rings je?

Mwl. Somoe: Boromir apite bila kupingwa. Alitaka kumnyang'anya Frodo pete, akajuta palepale, akafa akiwalinda Merry na Pippin, akakiri kwa Aragorn kabla ya kukata roho. Mjadala hapo ni mfupi. Usimweke, atakulia muda.

Selemani: Basi Snape, yule mwalimu wa Harry Potter. Huyo banda umiza zima lilimlilia.

Mwl. Somoe: Banda umiza lilimlilia mwigizaji, Sele 😂 Kitabuni tazama mpangilio. Snape anakufa sura ya 32 ya kitabu cha saba. Sura ya 33 ndiyo tunafunguliwa kumbukumbu zake, baada ya kufa, na zimetoka kichwani mwake mwenyewe. Shahidi ni mmoja, naye ndiye mshtakiwa. Neville, mwanafunzi aliyemwogopa Snape kuliko kitu chochote duniani, haitwi kutoa ushahidi. Na humo humo, Snape alipoomba Lily, mama yake Harry, asiuawe bila kumtaja mume wala mtoto, Dumbledore, mkuu wa shule, alimwambia wazi kwamba anamchukiza. Wasomaji wengi wanairuka mistari hiyo.

Fakihi: Leo mwalimu yuko upande wangu.

Mwl. Somoe: Siko. Nasema Asha aangalie habari ya majeraha ya mhusika inaletwa lini, na nani anaileta. Ikija mwisho kabisa, baada ya maovu yote, mara nyingi imeletwa kumsafisha. Ikija mwanzoni unamfuata ukijua, na kila anapokosea unaona angeweza kupita wapi kwingine.

Mzee Chilumba: Gollum wa The Lord of the Rings ndiyo hivyo. Sura ya pili tu mchawi Gandalf anaeleza kwamba Sméagol, ndiye Gollum huyo kabla hajaharibika, alimnyonga rafiki yake Déagol siku yake ya kuzaliwa kwa sababu ya pete. Tunamjua kuwa ni muuaji kabla hatujakutana naye uso kwa uso. Halafu kuna zile ngazi za Cirith Ungol: anarudi, anawakuta Frodo na Sam wamelala, ananyoosha mkono kumgusa Frodo gotini, taratibu, kama mzee aliyechoka. Sam anashtuka na kumfokea kuwa ananyemelea. Pale mlango ukafungwa.

Fakihi: Babu, alikuwa anarudi kutoka wapi? Alishakwenda kupanga na yule buibui mkubwa mla watu. Alikwisha kuwauza!

Mzee Chilumba: Ndiyo. Ndiyo maana panauma. Kwenye mapiko, ngoma yetu ya vinyago, wewe uliyepita jandoni unajua ndani ya kinyago mna mtu, na bado unakimbia. Unashika vyote viwili. Msomaji akishindwa kushika vyote viwili pale ngazini, ama amemsafisha Gollum au amemtupa.

Bi Hadija: Mnazunguka mbali jamani na nyumbani tunaye mtoto wa Liyongo. Utenzi wa Muhammad Kijumwa, 1913. Ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Anamuuliza baba yake kitu gani kinachomuua. Baba ameshashuku, na anamwambia: sindano ya shaba ya kitovu. Mtoto akamchoma usingizini. Liyongo akapiga goti kisimani, upinde mkononi, akafia hapo, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Mtoto mke hakupata, akaugua, akafa. Haya, Somoe, mchambue huyo mara tatu.

Mwl. Somoe: Alijua kila kitu, Bi Hadija. Kilichobaki ni kwamba alidanganywa malipo, nayo hayapunguzi kosa. Huruma yangu hapo ni ndogo sana, nakiri.

Fakihi: Andikeni tarehe.

Asha: Na Adili na Nduguze?

Mwl. Somoe: Umenena! Shaaban Robert, 1952. Hasidi na Mwivu walimtosa ndugu yao baharini. Huria, jini, akawageuza manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Anawachapa, kisha anawalisha na kuwalilia. Adhabu haikufutwa na machozi hayakuzuiwa. Lakini angalia: Adili ndiye aliyekosewa, kusamehe ni haki yake. Sisi wasomaji hatuwezi kusamehe kwa niaba ya Déagol. Kuhuzunika tunaweza.

Mzee Chilumba: Hilo ndilo ufungulie mjadala, Asha.

Asha: Sawa babu. Muda je?

Mwl. Somoe: Anza saa 10 jioni, umalize saa 11 na nusu, watu wawahi Magharibi. Vifungu vitatu tu: daraja, ngazi, na Adili na manyani. Kila kimoja kisomwe kwa sauti, kisizidi kurasa mbili, maana kuna waliokuja na filamu kichwani na watabishana juu ya kitu ambacho hakimo. Baada ya kusoma, dakika tano za kuchambua, mtu asitoe hukumu bado. Hukumu ikitangulia, waliobaki wanatafuta ushahidi wa kuitetea. Na kila kifungu kiwe na msemaji wa aliyeumizwa. Asipokuwepo, watu humsahau kabisa aliyekufa.

Mwl. Somoe: Jambo jingine. Túrin anajiua mwishoni, kwa upanga uleule uliomuua Beleg. Wa kidato cha pili wakiwepo, ishia darajani. Mwisho usiusome.

Asha: Nimeelewa. Baba mdogo, utamsemea Déagol?

Fakihi: Nitamsemea, na nitauliza kwa nini hajapewa hata ukurasa mmoja wa kujieleza.

Asha: Na nakala ya utenzi naipata wapi, kama Bi Hadija atataka tuuongeze?

Bi Hadija: Ninayo. Njoo kesho alasiri na daftari unakili. Kitabu chenyewe hakitoki nyumbani.