Naomba ushauri: tiketi ya bei poa Dar–Mwanza, au nijikaze niongeze hela?

Habari za jioni wakuu. Mwezi ujao nampeleka mama Mwanza kwenye harusi ya mdogo wangu. Nimekuta tiketi za ndege tofauti yake karibu laki moja kwa kichwa, na tuko wawili, kwenda na kurudi. Kwa mshahara wangu hiyo siyo hela ya kuchezea.

Ila nimeshaumwa na nyoka. Mwaka jana nilipanda ya bei chee, begi la mkononi mwisho kilo saba. Mzani kaunta ukasoma kumi na moja. Nikavaa koti juu ya koti, viatu vya harusi nikaning'iniza shingoni, watu wanacheka, na bado nikalipishwa. Safari yenyewe ya asubuhi ikasogezwa hadi saa mbili usiku, kwa meseji tu. Nilikuta keki imeshakatwa.

Sasa mama ana vitenge vya sare za shangazi zangu, na kurudi bila sangara hakubali, namjua. Kwenye basi siwezi kumpandisha, zaidi ya kilomita elfu moja na magoti yale!

Mnaosafiri mara kwa mara: kilo za ziada ukilipia mapema mtandaoni inapungua kweli kuliko pale kaunta? Wakibadilisha saa unaweza kudai hela yako ukarudishiwa? Au nitangulie siku mbili kabla ya harusi, nikae kwa amani? Sangara nao wanafungwaje ndege ikakubali kuwabeba?