Mrejesho: Intaneti ya nyumbani kijijini Lushoto

Wakuu, salaam. Niliwauliza intaneti gani ingenifaa nyumbani kijijini, huku milimani Lushoto, ambako hakuna simu ya mezani wala faiba. Niliahidi mrejesho, huu hapa.

Dishi la setilaiti mlilonishauri wengi, mfuko uligoma. Nikamsikiliza yule aliyesema nipime kwanza kasi ya mtandao kwa simu. Nilizunguka shamba na laini tatu, mchana na tena saa mbili usiku, majirani wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Kumbe laini iliyokuwa inakimbia mchana ndiyo ilikuwa hoi usiku, mnara ukishalemewa na watu.

Nikanunua ruta ya 4G (kifaa cha kupokea intaneti ya laini na kuisambaza nyumbani) yenye matundu ya antena. Sebuleni ilisoma dBm -112, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Nikafunga antena ya nje juu ya mlingoti wa mkaratusi, nikaielekeza mnara wa ng'ambo ya bonde: -94! (Namba ikisogea karibu na sifuri ndiyo nzuri.) Fundi alitaka kuniuzia waya wa mita 20, nikachukua mita 5, maana waya mrefu unakula mawimbi.

Umeme ukikatika naichomeka ruta kwenye betri ya sola, kwa kuwa ruta yangu ni ya volti 12.

Nilipoumia ni kwenye kifurushi. Kinaitwa "bila kikomo", ila ukifika kiasi fulani kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Hilo sikulisoma. Na upepo ukivuma sana, antena inageuka, inabidi nipande tena.