Ushauri: Nilimdhalilisha rafiki kwenye meza ya kitimoto, Desemba tunakutana tena

Mtoto wa Loleza:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, na matusi pia nitayapokea, nayastahili.

Tulikuwa watano. Kila Ijumaa tulikutana kwa mama mmoja wa kitimoto pale Mafiati. Si sehemu ya kujivunia: mabenchi mawili, turubai la bluu, meza ya mguu mfupi uliokingwa na vizibo vya soda. Ila wenyeji mnaijua Mbeya ya Juni. Saa moja jioni pumzi inatoka kama moshi. Mama alikuwa anatusogezea jiko la mkaa chini ya meza. Ukikaa vibaya suruali inaungua huku mgongo umeganda. Kilo mbili za rosti, ndizi za kuchoma, kachumbari, limau na pilipili. Sinia moja, hakuna cha sahani. Ukiongea sana unakula kidogo, ndiyo ilikuwa sheria.

Mwaka 2013 Mbeya City wamepanda Ligi Kuu, basi meza ile ikawa na makocha watano. Msimu wa kwanza tu timu ikashika nafasi ya tatu! Lakini siku Azam walipotufunga 2-1 hapo hapo Sokoine wakabeba ubingwa, Aprili 2014, tulikaa kimya mpaka mama akauliza, "Jamani, amekufa nani? Nyama inapoa."

Sasa kosa langu. Mwenzetu mmoja tulimwita Benki, yeye ndiye mkusanya pesa. Ijumaa moja ya mwaka 2015 kila mtu alitoa 15,000, jumla 75,000. Mhudumu akahesabu, akarudi: ni 60,000. Nilikuwa nimeshachangamka. Nikamwambia Benki mbele ya watu, "Leo umejikopesha?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akatoa 15,000 yake, akaiweka chini ya kibakuli cha chumvi, akaondoka. Hakurudi tena.

Mwaka uliofuata baridi ilipoanza nikatoa koti zito kabatini. Mfuko wa ndani: noti ya elfu kumi na ya elfu tano, zimekunjwa pamoja. Za kwangu. Sikumwambia mtu.

Sasa mmoja wetu aliyeko Tunduma anataka tukutane wote Desemba, na Benki, ambaye siku hizi anafanya biashara ya mbao Makambako, amekubali kuja. Nimpigie kabla? Nisubiri mezani? Au ninyamaze, maana huenda kashasahau?

Mzee wa Sae:
Kashasahau? Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya sinia hasahau mkuu. Wewe mwenyewe unakumbuka mpaka kibakuli cha chumvi.

Kachumbari Kali:
Nimesoma uzi wote natafuta kilo ilikuwa bei gani enzi hizo 😂 Pole kaka. Msubiri mezani, mpe noti zile zile, mcheke yaishe.

dada wa Forest:
Kachumbari usimpoteze mwenzio. Ukimwambia mezani unamlazimisha akusamehe, maana watu wanamtazama. Atasema "hamna shida" kwa ajili ya nyama. Aibu ulimpa hadharani, lakini msamaha muombe faragha kwanza. Wale watatu waliocheka utawaambia siku ya kukutana, yeye akiwepo. Vyote viwili, si kimoja.

Ulanzi Mbichi:
Nipo Iringa. Mimi na rafiki yangu tuligombana kwenye kilabu cha ulanzi kwa jambo dogo kuliko lako, nikasema nitamtafuta msimu ujao mianzi ikianza kutoa hiyo pombe. Nilimkuta kwenye jeneza. Piga simu leo.

Mzee wa Sae:
Simu ya nini? Makambako ni barabara moja tu kutoka hapo, asubuhi unapanda basi, jioni umerudi. Mfuate kwenye mbao zake.

Mtoto wa Loleza:
Dada wa Forest umenigusa. Mzee wa Sae, nakuogopa lakini umesema kweli. Halafu tatizo lingine: nimepita Mafiati wiki iliyopita, kile kibanda sasa ni duka la kava za simu. Tukutane wapi?

Nane Nane Boy:
Yule mama mwenye turubai la bluu? Kama ni mfupi, anayefoka ukiomba limau la pili, yuko Uyole siku hizi. Kapaua bati. Anauza na chipsi.

Mtoto wa Loleza:
Ni huyo huyo! La pili lilikuwa shilingi mia. Ndaga fijo, asante sana.

Mtoto wa Loleza (mrejesho):
Wakuu, nimetoka Makambako jana. Nilimkuta anapima mbao, penseli sikioni, kanenepa. Nikamweleza lile koti lote mwanzo mwisho nikiwa nimesimama. Akakaa kimya muda mrefu, akamalizia kupima ubao ule, akauandika. Kisha akasema, "Miaka yote mimi nilijua ni yule mhudumu."

15,000 ameikataa. Amesema niinunulie limau Uyole, na kwamba safari hii pesa nakusanya mimi.

Kachumbari Kali:
Mkuu, koti usivae siku hiyo.