Tunapangiwa koli (zamu za hospitalini) za usiku lakini pa kulala tujitafutie wenyewe? Wanafunzi wa udaktari Kisumu tumechoka

Wadau habarini. Hii kitu nimekaa nayo kifuani muda mrefu nikijiambia ngoja nimalize mtihani kwanza, lakini ya juzi usiku imenifika hapa shingoni na leo naisema. Chuo sitataja, hospitali sitataja, landlodi sitamtaja, maana bado niko na mtihani mbele yangu na najua wanaopita humu. Mjue tu niko Kisumu, mwaka wa tano, udaktari.

Kwa wasiojua mambo yetu yanaendaje, kozi ni miaka sita. Ile ya mwanzo unasoma darasani na maabara, anatomia, fiziolojia, unakaa kampasi kama mwanafunzi mwingine yeyote. Ukiingia miaka ya kliniki unahamia hospitalini, unazungushwa wadi ya watoto, upasuaji, uzazi, magonjwa ya ndani, kila rotesheni wiki kadhaa na mwisho wake mtihani. Na huko hakuna kufunga. Wenzetu wa ualimu na biashara wakienda nyumbani sisi bado tuko wadi tunachukua historia za wagonjwa. Hosteli nayo inafungwa kwa kalenda yao, yetu haihesabiwi.

Muhula uliopita notisi ilibandikwa Jumatano, vyumba viwe wazi Ijumaa saa kumi jioni. Jumatatu yake tulikuwa na mtihani wa mwisho wa upasuaji. Nikaenda ofisi ya malazi na ratiba ya mtihani mkononi, imepigwa muhuri wa chuo hicho hicho, nikaiweka mezani. Yule mama akaitazama, akanirudishia, akasema "kijana, hosteli ni ya wanafunzi walio ndani ya muhula." Nikamuuliza sasa mimi niko ndani ya nini? Akaita anayefuata. Ijumaa usiku nimebeba godoro kwa boda, vitabu ndani ya gunia, na ile wikendi ambayo ningekuwa nafanya mazoezi ya kupima tumbo niliimaliza nikipiga hodi kwa maploti ya Manyatta na Migosi nikiuliza kama kuna nafasi. Mtihani nilipita, lakini kwa kushika pembeni, na najua kabisa ni nini kilinipunguzia alama.

Sasa keja zenyewe. Karibu na hospitali kodi iko juu kwa sababu hatuko peke yetu, kuna manesi, kuna maintani, yaani madaktari wapya wanaomalizia mafunzo, kuna wanafunzi wa vyuo vingine vya afya, kuna na watu wametoka mbali wanauguza jamaa zao, wote tunagombania maploti yale yale na wenye nyumba wanalijua hilo vizuri. Bedsita niliyoiacha ikiwa 5,000 nikiwa mwaka wa tatu sai wanaitisha 7,500, na dipositi, na ya stima, na ya maji, na hiyo ya maji ukishalipa ndio unaambiwa hairudishwi. Tuko wanne ndani. Dabo deka mbili zimemaliza ukuta, mlango haufunguki mpaka mwisho. Meza ni moja. Mmoja ametoka koli asubuhi anataka kulala, mwingine ana viva, mtihani wa kujibu kwa mdomo, saa tano anasoma kwa sauti maana kesi usipoitamka haikai kichwani, wa tatu anawasha jiko, na wa nne ni mimi nimekaa kwa ngazi nje na simu. Neti za mbu hazitoshi hivyo vitanda vya juu, ukilala juu neti inagusa dari na mbu wanaingia upande. Hii ni kanda ya ziwa, malaria ni yetu ya kila mwaka, na mmoja wetu aliingia mtihani wa wadi ya watoto akiwa siku ya pili ya dawa anatetemeka mbele ya wasahihishaji.

Msiniambie kuna sheria ya wapangaji, nilienda kuisoma. Ile sheria ya kudhibiti kodi, inayompa mpangaji baraza la kulalamikia, mwisho wake ni nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hiyo bei karibu na hospitali haipo. Kwa hivyo landlodi akiamua kupandisha katikati ya rotesheni, ni ulipe ama ubebe godoro tena. Na wengi wanataka mkataba wa mwaka mzima, mwanafunzi ambaye kesho anaweza kuambiwa wiki sita zijazo yuko kaunti nyingine.

Maji sasa. Hapa naomba mnisikize vizuri.

Siku moja nikiwa rotesheni ya uzazi nilimsaidia mkunga kuzalisha. Chupa ya mama ilipasuka ghafla, maji ya uzazi yakanimwagikia kuanzia kifuani mpaka ndani ya viatu, na damu juu yake. Mtoto alitoka salama, akalia, mama akacheka, mimi pia nilifurahi kabisa. Nikajipangusa na pamba na spiriti, maana hakuna bafu ya wanafunzi, nikavaa koti juu ya hizo nguo na nikatembea nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nafungua mfereji, hewa tu. Chini ya meza kulikuwa na mtungi mmoja, nusu. Watu wanne. Mwenye mkokoteni wa maji huwa anapita saa moja na nusu na raundi ya konsaltanti, daktari bingwa wetu, inaanza saa mbili kamili, ukichelewa unasimama nje na siku haihesabiwi. Nikachota nusu beseni. Nikaosha mikono mpaka kwenye viwiko, uso, miguu, halafu hizo nguo nikazikunja ndani ya karatasi nikaziweka nje ya mlango, na ule harufu ukakaa na sisi mpaka jioni. Chakula hakikupikwa siku hiyo. Saa nne nikiwa wadi nikawa ndio mimi naeleza akina mama vile kunawa mikono kunalinda mtoto mchanga.

Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na maji safi ya kutosha. Haijasema isipokuwa mwanafunzi. Na tukiacha haki yangu mimi, nguo zile zilikuwa na damu ya mtu, na zimeshinda mlangoni kwenye ploti yenye watoto wanaocheza kwa koridoo. Huyo mtoto wa jirani alinikosea nini?

Turudi kwa juzi usiku.

Kuna watu wataniuliza si mkae tu nyumbani usiku, mwende hospitali mchana. Ndugu zangu, tuna logibuku, kitabu cha kurekodi kazi za wadi. Ndani yake kuna idadi ya akina mama unaotakiwa kuwazalisha kwa mkono wako chini ya usimamizi, idadi ya upasuaji wa kuzalisha unaotakiwa kusaidia, na kila moja inawekewa sahihi. Bila sahihi hukai mtihani. Na mtoto hazaliwi kwa ratiba ya mhadhiri, wengi wanakuja usiku wa manane, kwa hivyo koli si hiari. Chumba cha koli kipo, kina vitanda viwili, na ni cha maintani, ambao nao wanakaa masaa mengi kutuzidi, siwezi kumwamsha intani eti anipishe. Tunakaa kwa benchi za koridoo. Benchi zikijaa jamaa wa wagonjwa, unarudi nyumbani.

Mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja alimaliza kusaidia upasuaji saa nane usiku. Boda za hiyo saa zinaitisha mara mbili na mfukoni alikuwa na mia moja ya chai ya asubuhi. Akatembea. Kichochoro cha mwisho kabla ya geti letu wakamshika wawili. Simu ikaenda, na ndani ya simu kulikuwa na noti zake zote na picha za kurasa za logibuku, na begi likaenda na stethoskopu aliyonunuliwa na mamake kwa pesa za chama, 14,000. Alipowaomba wamwachie ile stethoskopu tu, mmoja akampiga na chuma juu ya jicho. Alifika mlangoni akigonga kwa mguu, mikono yote iko usoni. Nilimfunga na shati nikamrudisha hospitali ile ile alikotoka saa hiyo hiyo, na aliyemshona nyuzi sita ni intani aliyekuwa naye thieta, chumba cha upasuaji, usiku huo huo. Intani analia huku anashona. Asubuhi tukaandika ripoti polisi, tukaenda ofisini kwa chuo, na jibu tukapewa kwamba tukio limetokea nje ya maeneo ya chuo kwa hivyo si jukumu lao, na tuwe tunatembea kwa vikundi.

Vikundi vya nani saa nane usiku? Alikuwa peke yake kwa sababu ratiba ya koli, iliyochapishwa na idara ya chuo, ilimpangia peke yake!

Hapo ndipo hasira yangu iko. Kama chuo ndicho kinaniambia uwe hospitalini saa nane usiku, basi chuo ndicho kinatakiwa kujua nitalala wapi saa tisa. Hivi vitu viwili haviachani. Koli ni somo kama lekcha, na karo ya hilo somo tunalipa.

Na isiwe mtu ananiambia haiwezekani. Mwaka jana tulipelekwa hospitali ndogo upande wa Busia kwa mafunzo ya afya ya jamii. Matroni wa pale, mama mmoja mtaratibu sana, alitufungulia nyumba ya zamani ya wafanyakazi iliyokuwa imejaa vitanda vibovu na mafaili, akasema "watoto wangu, safisheni, hapa ndani ya uzio mtalala." Tukasafisha siku moja. Tenki ya maji ya mvua, choo cha nje, taa moja. Wiki hizo zote nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma hapa mjini, usiku nesi akiwa na mgonjwa wa kufundishia anatuma mlinzi anagonga dirisha, dakika mbili uko wadi. Hospitali nyingi za zamani zilijengwa hivyo, nyumba za wafanyakazi ndani na mess ya madaktari, pa kulia na kupumzika, karibu na wadi, kwa sababu waliozijenga walijua kazi hii haina saa. Nyumba nyingine sai ni stoo. Lakini wakati huo wote bedsita ya Kisumu niliendelea kuilipia, maana ukiiachilia ukirudi haipo.

Kama vile tulivyolipa 2024 wakati wa mgomo wa madaktari. Ulianza tarehe 14 Machi ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56, na sitawalaumu madaktari hata kidogo, walikuwa wanawapigania pia hao maintani tutakaokuwa sisi. Lakini wadi zilikuwa kimya, kalenda ikasukumwa mbele, na landlodi hana mgomo. Waliotutangulia walipitia ule wa siku 100, wa Desemba 2016 mpaka Machi 2017, na ukiongea nao hadithi ni ile ile, kodi ya nyumba ya kukaa bila masomo na baadaye mtihani uliobanwa.

Tunachotaka si makubwa. Hosteli ifuate kalenda ya kliniki kwa walio kliniki, hiyo ni barua moja tu na sahihi moja. Chuo kikodishe ploti nzima karibu na hospitali kwa mkataba wa miaka, tulipe kodi kwa chuo, maana mwenye nyumba anayeogopa mwanafunzi hataogopa taasisi, na maji yenye tenki yawe ndani ya mkataba. Na chumba cha koli cha wanafunzi, cha wasichana na cha wavulana, chenye bafu. Hata kontena. Wasichana sijawasemea vya kutosha hapa, wao wana yao mazito kuliko haya kuhusu hizo njia za usiku na makeateka, hao wasimamizi wa maploti, wenyewe wataandika wakitaka.

NYONGEZA, saa tatu usiku: nimesoma majibu. Aliyeandika eti udaktari ni wito tuvumilie, mimi wito ninao, niko wadi kila siku, lakini wito haufungi kidonda cha juu ya jicho. Aliyeuliza kuhusu mwenzangu, jicho lenyewe halijaguswa, uvimbe umepungua, ameazimwa stethoskopu na sista wa wadi na leo amehudhuria raundi. Mzazi aliyesema anaogopa kumleta binti yake mwaka wa nne, mama yangu, mlete, lakini njoo mwenyewe uone nyumba usiku, usiione mchana, na uulize majirani maji yanatoka siku gani.

Mlio Nakuru, Kakamega na Eldoret, andikeni hapa mnalala wapi mkiwa kliniki na ni nani anayelipa, na kama darasa lenu liliwahi kuandika barua ikafanya kazi nitumieni inbox niione ilivyopangwa. Yetu iko na sahihi 61 mpaka sasa. Tunaipeleka Jumatatu saa tatu, tukitoka raundi, na mwenzangu ndiye ataibeba.