Tupeane uzoefu: mliowahi kulea mbwa kwa muda hadi akapata wa kumchukua moja kwa moja

Mama Wawili, Goba: Wakuu, habari za jioni. Wakati wa masika nilipokea mbwa jike, koko, ametolewa mtaroni na wanawe watatu. Tulikubaliana wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu niko naye! Watoto wote wameshachukuliwa, mama mtu hatakiwi. Kila anayepiga simu anauliza kama ni wa kizungu. Nyie mlifanyaje? Na siku ya kumkabidhi mnaivukaje?

Mzee wa Tengeru: Mimi nianze na hasara, mjifunze. Nilipokea watoto wanne, wakaanza kutapika na kuharisha damu. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Alipona mmoja. Mwezi uliofuata nikapokea wengine wawili, nikawaachia uwanja uleule, wakaugua vilevile. Daktari wa mifugo ndiye aliyenifumbua macho: kirusi kile hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa Jik, udongo huuwezi. Siku hizi mtoto hakanyagi uwanja kabla hajamaliza chanjo: ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8, halafu anarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe 16. Ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Dawa ya minyoo usisubiri uone tumbo limevimba.

Kasarani: Wangu alikuja kuchukuliwa na jamaa mwenye mnyororo mkononi. Swali lake la kwanza: "Ni mkali?" Nikamuuliza mchana mbwa atakuwa wapi. "Kwa kibanda, tunafungulia usiku." Nikamwambia pole, ameshapata mtu. Uongo, na sijutii. Sasa naenda kwanza kuona boma lenyewe, lina ua, nani atampikia.

Bint Tanga: Sisi ni Waislamu, na mbwa wa kulinda hana tatizo, shida ni mate. Chombo alicholamba tunakiosha mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo nilimtengea sufuria na banda lake. Bibi hakuwahi kumsogelea, lakini ndiye aliyeona kwamba anachechemea. Siku ya kumtoa mpe anayemchukua gunia ambalo mbwa alikuwa akilalia, usilifue. Harufu ile humtuliza usiku wa kwanza. Wewe mwenyewe, sina dawa. Mimi nilijifungia chooni.

Fundi Umeme: Mie wa kwanza tu nilishindwa kumtoa. Mwaka wa sita huu, yupo hapa miguuni. Sina ushauri.

Mama Wawili, Goba: 😂 Fundi, usinitie majaribuni. Kuna baba wa Kibaha ana kuku na vicheche wanammaliza, anakuja Jumamosi. Hakuuliza mbegu, aliuliza anakula nini. Nimemwambia aje na dagaa, na aje mara mbili kabla ya kumchukua. Gunia sijalifua.